Pompe ya Buluu Irudi Kibua

Kibua, Jumatano

Kwako Papa yangu,

Nakuamkia kwa heshima zote, ukiwa umeketi au umelala. Kifua kimeamkaje? Ukungu wa Muheto bado unashuka kila asubuhi, au siku hizi unakuachia nafasi ya kufika shambani kwa miguu yako? Na mguu wa Mama, ule uliokatwa na jembe, kidonda kimefunga? Mniambie ukweli, si yale maneno ya kunituliza. Mimi mwili wangu ni mzima. Nakula, nalala, na mvua ya huku msituni inanyesha kila siku bila kuuliza mtu. Ningependa habari zangu ziishie hapo.

Kabla hujaendelea, angalia uko na nani. Naijua tabia yako. Barua zangu unazisoma kwa sauti nyumbani kwa shemasi baada ya ibada, umevaa miwani, wazee wamekuzunguka, na ukifika mahali panaponipa sifa unarudia mara mbili. Hii usiisome hivyo. Kama umeshaanza, kunja karatasi, sema macho yamechoka, uingie chumbani. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako nayo unaiweka sauti ya juu, kijiji kizima kisikie mtoto wako muuguzi anasema nini.

Ninakuomba kitu kimoja. Ile pompe ya buluu niliyokutumia mwaka jana, ya kupuliza mdomoni kifua kikibana, umpe mtu aliyekuletea barua hii. Anaitwa Deo, ana pikipiki. Mpe chakula kwanza, lakini umpe nje kwenye baraza, usimwingize ndani, usimkaribie, na mkono usimpe. Huku tuna gripe mbaya, homa kali ya mafua, na yeye ametoka katikati yake. Akishakula, mpe pompe, umwache aondoke mchana huo huo. Kuna mama hapa anayeihitaji kuliko wewe. Najua maneno hayo yatakukasirisha. Kasirika, lakini soma.

Hiyo pompe sikuinunua, Papa. Mwaka jana nilipokuja likizo nilikukuta umekaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, midomo imegeuka rangi, Mama anakupepea na kitenge. Ulipata pumzi ya sentensi moja tu, ukaitumia kuniambia: "Noella, mimi nilikusomesha na makala." Ni kweli. Miaka yote ile ya kuchoma makala, makaa ya kuuza, pale juu ya kilima, moshi ule ndio ulionivalisha sare ya shule na ndio uliokula mapafu yako. Niliporudi huku nilifungua kabati la kituo chetu cha afya, nikachukua pompe iliyokuwa pale peke yake, nikaiviringisha ndani ya soksi na kukutumia. Nilijiambia nitaweka nyingine mwezi unaofuata. Njia ya Goma ikafungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena, na mimi nikazoea kuona pale mahali patupu kwenye kabati.

Sasa nikueleze kilichotokea. Kuna mwindaji mmoja huku, Papa Kibira, mtu wa umri wako. Yeye hakuchoma makala, alikausha nyama. Miaka na miaka yeye na mke wake, Mama Sifa, walikaa ndani ya nyumba yenye moshi wakigeuza nyama juu ya chanja, na mapafu yao yakawa sawa na yako: kukohoa kuanzia asubuhi, kusimama njiani kila hatua chache na kujifanya wanatazama ndege. Tulipatana sana. Alikuwa akinitania kwamba mimi wa huko kwetu Masisi nimezoea maziwa na jibini, nyama ya msituni itaning'oa meno.

Mwanzo wa msimu huu wa mvua alishikwa na gripe, ile yenyewe, si mafua ya kupangusa pua. Nilimpa vidonge vyake, viwili kwa siku, kwa siku tano. Siku ya pili homa ikashuka. Basi vile vilivyobaki akavigawa. Papa, alivigawa kama nyama ya mnyama aliyemwua mwenyewe: kimoja cha mama mkwe, viwili vya kaka yake mkubwa, kimoja cha jirani aliyemsaidia kubeba kuni, kila mtu na fungu lake, kwa sababu nyumba nzima ilikuwa inakohoa. Nilipojua nilimfuata hadi kwake, nikamfokea mbele ya watu.

"Papa Kibira, dawa si nyama! Nani alikuambia ugawe?"

Hakukasirika. Alikuwa anashangaa tu kwamba mtu mzima anauliza swali kama hilo.

"Muganga, miye niko na dawa mu mufuko, batu bangu banakohowa hapa pembeni. Sasa nimeze peke yangu, benyewe banaangalia? Nitakuwa mutu gani?"

Nilimwita mjinga. Neno hilo nalikumbuka vizuri, kwa sababu mke wake aliinamisha kichwa.

Wiki mbili baadaye homa ilirudi, na safari hii haikutaka kushuka. Nilimlaza kituoni. Nilimpa vidonge vipya na nikasimama mbele yake asubuhi na jioni mpaka ameze, siku zote tano. Ningempa maharagwe ingekuwa sawa. Dokta Amani, daktari anayezungukia vituo vyetu kwa pikipiki, alimchukua ute wa puani akautuma kupimwa mbali. Jibu lilikuja kwa simu: virusi vya gripe hii vimeshazizoea dawa zetu, vidonge haviviwezi tena. Alinieleza kwamba kwa mtu mwenye mapafu mabovu virusi hukaa siku nyingi, na dawa ikitolewa kidogo kidogo vinapata nafasi ya kujifunza. Nilisema ndiyo, najua, nilimwambia mgonjwa.

Dokta alifika na sanduku dogo. Ndani kulikuwa na dawa nyingine, unga wa kuvuta kwa mdomo, ambao virusi hivyo bado vinauogopa. Na hapa ndipo penye ukatili, Papa, nami sijui nani aliupanga. Unga huo unafaa mapafu mazima. Mapafu yaliyochakaa yanaweza kuukataa, njia za hewa zikajifunga papo hapo. Kwa hiyo unampulizia mgonjwa pompe ya buluu kwanza ili zifunguke, ndipo unampa unga, na pompe inabaki mkononi mwako mpaka uone anapumua. Wanaohitaji unga huo kuliko watu wote ndio unaoweza kuwaua.

Dokta alikuwa anaenda kituo kingine. Alisimama mlangoni, kofia ya pikipiki kichwani.

"Pompe iko?"

"Iko."

"Iko na kitu ndani?"

"Iko, Dokta."

"Sawa. Pompe njo kwanza, unga nyuma. Pompe ikikosa, unga ibakie mu sanduku. Afazali akufe na gripe kuliko tumuuwe siye."

Ningeweza kusema haipo. Angeuliza iko wapi. Ningesema iko Muheto, kwa baba yangu, ndani ya soksi. Niliona aibu, Papa, basi. Sikuwaza kufukuzwa kazi wala kushtakiwa. Niliona aibu mbele ya kijana aliyekuwa ameshawasha pikipiki yake.

Jioni ile nilimpa Papa Kibira unga bila pompe. Alikohoa, akashika kifua, ikapita. Nikasema moyoni, unaona, haikuwa lazima. Asubuhi nikampa tena. Alivuta vizuri, maana nilimfundisha vizuri. Kisha akageuka kunitazama.

"Muganga, inafunga."

"Pumua polepole, Papa."

"Inafunga, Muganga."

Nilimchoma sindano zote nilizokuwa nazo. Mashine ya oksijeni ilikuwa inafanya kazi, jua lilikuwa limewaka na betri zimejaa. Hewa ilikuwepo tele, haikuwa na pa kuingilia. Aliketi vile ulivyokuwa umeketi wewe, mikono magotini, midomo rangi ile ile. Nilikimbilia kabatini. Nilijua hakuna kitu, lakini nilikwenda, nikafungua, nikapapasa pale mahali patupu mpaka nyuma kabisa. Niliporudi Mama Sifa alikuwa amemshika kichwa. Ilichukua muda mrefu. Muda huo wewe unaujua, umewahi kufika katikati yake ukarudi.

Hakuna aliyenilaumu. Dokta aliandika kwamba unga ulimkataa, jambo linalotokea hata pompe ikiwepo. Siku ya tatu ya matanga Mama Sifa alikuja kituoni na paja la nyama ya kukaushwa, amelifunga kwa majani.

"Muganga, ulihangaika na bwana yangu mupaka ku mwisho. Siye tuliona. Kamata, haiko mingi."

Nililipokea kwa mikono miwili. Nililipika na pilipili, nikalila lote kwa siku mbili. Lilikuwa tamu. Nakuandikia hili ili umjue mtoto uliyemsomesha.

Sasa tuje kwako. Siku ya mazishi, nikiwa bado na udongo wa kaburi kwenye viatu, simu ilishika mtandao na ujumbe wa sauti wa mdogo wangu Riziki ukaingia. Alikuwa anacheka. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema:

"Dada, ungeona bazee Jumapili! Banakunywa kasiksi, murija inazunguka, na pompe yako nayo inazunguka nyuma ya murija! Papa anavuta, anapangusa na shati, anapitisha. Mupaka shemasi mwenye hana hata kikohozi, eti anasikia kifua inakuwa mwepesi! Papa anabambia: ni mutoto wangu njo alinitumia."

Nilisikiliza mara tatu. Sikuwakasirikia wazee. Nilikukasirikia wewe, na siku ile nilikutukana moyoni maneno ambayo sikujua kwamba ninayajua. Nilikueleza pompe si ya mchezo, kila ukibonyeza inapungua. Papa Kibira aliwagawia dawa watu waliokuwa wanaumwa, nikamwita mjinga. Wewe umewagawia watu wasioumwa pumzi yake, wapate cha kuonja baada ya pombe ya ndizi. Halafu nikakumbuka ni nani aliyekupa. Hapo hasira ikakosa mtu wa kumwangukia, ikabaki kwangu.

Mama Sifa naye sasa amelala kitandani pale pale alipokuwa mume wake. Gripe ni ile ile ya nyumba ile ile, vidonge havimfanyii kitu, na kifua chake hakina cha akiba. Unga wa mume wake umebaki karibu wote. Dokta Amani alisema kwa simu nianze mara moja, pompe kwanza, na mimi nikamwambia pompe imekwisha. Huo ni uongo wa pili, na ulinitoka kirahisi kuliko wa kwanza. Ameulizia vituo vyote vya jirani, hakuna. Ya kutoka Goma haijulikani itapita lini. Kila asubuhi Mama Sifa analitazama lile sanduku, kisha ananitazama mimi.

"Ile ya bwana yangu, unaiweka ya nini? Nipatie na miye."

Anadhani namfanyia uchoyo. Naona afadhali adhani hivyo.

Dokta bado hajui. Nilitaka kukuandikia kwamba nitamwambia, nikapanga na maneno. Lakini nimejaribu kuiweka barua hii isiwe na uongo hata mmoja, kwa hiyo naandika ninachokijua: sidhani kama nitamwambia.

Basi, Papa, ichukue pompe sasa hivi. Itikise karibu na sikio. Kama bado ina uzito na kitu kinacheza ndani, ifunge vizuri, umpe Deo. Kama ni nyepesi na iko kimya, usimpe. Usimfanye apite bariera zote zile, vizuizi vya njiani, amebeba kopo tupu kifuani. Mwambie imepotea. Kuwadanganya watu wanaokuamini si kazi ngumu, mimi nimejaribu na nimeweza.

Najua ninachokuomba. Ukungu utashuka, kifua kitabana, utanyoosha mkono kwenye dirisha ulikozoea kuiweka na hutaikuta. Kaa umeinama mbele kidogo, viwiko juu ya magoti, utoe pumzi polepole kama mtu anayepuliza uji. Riziki apike nje, hata mvua ikinyesha apike chini ya paa la banda la mbuzi. Tumbako uiache, na makala usiyakaribie tena, hata kwa kuwaelekeza wengine. Ukisikia mtu anakohoa kwa homa, usiende kumsalimia, hata akiwa shemasi. Na hii gripe ikifika Muheto na wakakupa vidonge, umeze vyote mwenyewe. Wakikuita mchoyo, itika. Ninayasema haya yote kama muuguzi. Kama mtoto wako sina la kusema, maana ukifa kwa kukosa pompe hii nitakuwa nimewaua wawili kwa kopo moja.

Nisalimie Mama, mwambie mguu wake asiupake mafuta ya breki hata kama jirani ameapa kwamba yanaponya. Nisalimie Riziki, na usimwambie kitu, yeye alicheka bila kujua. Mjomba wangu wa Mushaki, yule anayeuza maziwa barabarani, mwambie jibini aliyonitumia ilifika na panya walinisaidia kuila. Shangazi anayeimbisha kwaya mwambie aniombee, asiulize sababu. Shemasi naye nisalimie, na umwambie kifua chake ni kizima.

Nimebakiza neno la Deo. Nilisema ana pikipiki, sikusema ni nani. Ni mtoto mkubwa wa Papa Kibira na Mama Sifa. Baba yake amemzika wiki iliyopita, na amesafiri njia yote hiyo kwa ajili ya mama yake. Anachojua ni kwamba baba wa Muganga, mzee mwenye kifua kibovu kama wazazi wake, amekubali kutoa dawa yake mwenyewe kwa ajili ya mama asiyemjua. Mimi ndiye niliyemwambia hivyo. Huko kwao shukrani ya namna hiyo hutolewa kwa kupiga goti na kushika mkono wa mzee kwa mikono miwili. Wewe mkono huwezi kumpa, nimeshakueleza kwa nini, na ataona ajabu, labda ataona unamdharau. Atasimama pale nje ya baraza akushukuru kwa mbali. Atakuita Papa, kwa sababu amelelewa vizuri na kwa sababu hana mwingine wa kumwita hivyo. Tafadhali, akikuita, mwitikie.

Ni mimi mtoto wako wa kwanza, wa makala yako,

Noella